Moduli katika programu ya kompyuta: kwa nini taux ya dola iandikwe fasi moja tu

Hapa kwetu Butembo na Beni bei zinatembea na miguu miwili: dola na franka. Mizigo inayopita Kasindi inahesabiwa kwa dola, mama anayenunua sabuni analipa kwa franka, na katikati yao iko kambiste na taux yake ya asubuhi. Kwa hiyo kijana yeyote aliyesoma informatike kidogo, siku mwenye duka akimwomba programu ya stoki na faktire, kazi ya kwanza anayokutana nayo ni hii: kugeuza dola kuwa franka. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, kuzidisha mara moja tu. Lakini hapo ndipo programu nyingi za mtaani zinaharibikia, na sababu si hesabu yenyewe. Sababu ni fasi hesabu hiyo imeandikwa.

Makala hii inaeleza kitu ambacho waandishi wa programu wanaita moduli. Tumeiandika kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza, na pia kwa wenye duka, wakubwa wa shule na wa vituo vya afya wanaolipa watu kuwatengenezea programu. Hao wa mwisho si lazima wajue kuandika mstari hata moja. Wajue tu kuuliza swali moja au mawili kabla ya kutoa pesa.

Moduli ni nini

Programu ni maagizo yaliyoandikwa, mstari kwa mstari, ambayo kompyuta inafuata. Programu ndogo inakaa kwenye faili moja. Ikikua, ile faili inakuwa sawa na depo ambamo misumari, unga, dawa za mbuzi na vitenge vimerundikwa pamoja: vitu vyote vimo, ila kupata kimoja kunachukua nusu siku, na ukivuta kimoja kingine kinaanguka.

Moduli ni kipande cha programu kilichowekwa peke yake, kina jina lake, kinafanya kazi ya aina moja, na vipande vingine vinakiita kwa jina hilo wakati vinakihitaji. Katika lugha ya Python, ambayo wanafunzi wengi wanaanza nayo siku hizi, jambo hili ni rahisi kabisa: faili moja ni moduli moja. Ukiandika faili unayoiita taux.py, tayari uko na moduli inayoitwa taux. Ndani yake unaweka hivi:

    FRANKA_KWA_DOLA = 2800

    def franka(dola):
        return dola * FRANKA_KWA_DOLA

Namba 2 800 tumeichukua kama mfano tu. Kisha kwenye faili nyingine, ile ya faktire, unaiita:

    import taux

    bei = taux.franka(15)
    print(bei)

Kompyuta itaonyesha 42000. Neno import maana yake ni "niletee". Nukta iliyo katikati ya taux na franka inasema: tumia ile franka inayopatikana ndani ya taux, si nyingine. Nukta hiyo ni ndogo lakini ina kazi kubwa, juu moduli mbili zinaweza kuwa na kitu chenye jina moja bila kugombana, vile Kambale wa Katwa na Kambale wa Oicha wanajulikana kila mmoja kwa kwao.

Moduli zikiwa nyingi unazikusanya kwenye folda moja, na folda hiyo inaitwa paketi. Lugha zingine zina njia zao. Java inatumia paketi tangu mwanzo wake. PHP, ambayo bado inabeba tovuti nyingi za shule na za biashara, inaita faili kwa maneno include na require. JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 na ilikaa miaka 20 bila kuwa na moduli zake rasmi. Zilikuja mwaka 2015. Tutabaki na Python ili tusichanganye watu.

Hasara inaingilia wapi

Tuseme yule kijana hakutumia moduli. Ameandika 2800 ndani ya faktire, akaiandika tena ndani ya ripoti ya jioni, akaiandika mara ya tatu ndani ya orodha ya madeni. Wiki mbili kila kitu kinaenda muzuri. Siku moja taux inapanda mpaka 2 850. Anaitwa mbio, anafungua programu, anabadilisha kwenye faktire, anabadilisha kwenye ripoti, anapigiwa simu, anatoka. Orodha ya madeni imebaki na 2800.

Mteja mwenye deni la dola 200 anakuja kulipa kwa franka. Programu inamwomba 560 000. Ingepaswa kumwomba 570 000. Franka 10 000 zimepotea na hakuna mtu aliyeiba. Wakija wateja 40 wa namna hiyo katika mwezi, ni franka 400 000. Mwenye duka atahesabu sanduku, ataona pengo, na wa kwanza kushukiwa atakuwa ni yule msichana anayekaa kwenye kesi. Watu wamefukuzwa kazi kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kama hesabu ya taux ingekuwa ndani ya moduli moja, mabadiliko yangefanyika fasi moja na programu yote ingefuata. Hiyo ndiyo faida ya kwanza, na kwa maoni yetu ingetosha hata kama zingine hazingekuwepo.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1951, huko Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu juu ya mashini yao EDSAC, na walieleza namna ya kutunza maktaba ya vipande vya programu vinavyotumika tena na tena. Wakati huo vilitobolewa kwenye kanda za karatasi. Lakini mtu aliyeeleza muzuri zaidi namna ya kugawa ni David Parnas, katika makala aliyoitoa mwezi wa Desemba 1972. Watu wengi walikuwa wanagawa programu kwa kufuata hatua za kazi: kwanza kusoma, halafu kupanga, halafu kuandika matokeo. Parnas alisema hapana, usigawe kwa hatua. Tafuta mambo ambayo huenda yakabadilika kesho, na kila jambo la namna hiyo ulifiche ndani ya moduli yake, ili siku linabadilika wengine wasijue hata kama kumetokea kitu.

Ukichukua wazo hilo ukalileta kwenye soko la Butembo, swali linakuwa: nini kinabadilika hapa? Taux inabadilika. Bei ya usafiri kutoka Kasindi inabadilika barabara ikiharibika. Kodi zinabadilika, na hata jina la kodi. Namna ya kulipa inabadilika: jana kesi tu, leo pesa ya telefone. Kila moja ya hizo inastahili moduli yake. Lakini kuzidisha bei kwa idadi haitabadilika kamwe, hiyo usiisumbukie.

Mitego tunayoona kila mara

Mtego wa kwanza unawapata wanaoanza karibu wote. Python inapoambiwa import, inatafuta moduli kwanza kwenye folda ya programu yenyewe, kisha kwenye zile zilizokuja na Python. Mwanafunzi anafanya zoezi la kusoma faili za CSV, anaita faili yake csv.py. Ndani anaandika import csv. Python inatazama folda, inakuta csv.py, inachukua hiyo. Programu inajiita yenyewe! Kosa linalotokea halieleweki, na mwanafunzi anaanza kusema kompyuta ina virusi. Dawa ni kubadilisha jina la faili.

Tukiwa kwenye virusi: ukishaita moduli zako utaona folda mpya imejitokeza, inaitwa __pycache__. Kwa sababu kle za USB za hapa zimejaa virusi kweli, wengi wanaogopa wanaifuta. Si virusi. Ni fasi Python inatunza moduli zilizokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashini yake ili zifunguke haraka mara nyingine. Ukiifuta hakuna kinachoharibika, na itarudi.

Mtego wa pili unagusa pesa moja kwa moja, kwa hiyo tuukalie kidogo. Python inasoma moduli mara moja tu, programu inapoanza. Hata ukiiita kutoka faili kumi, inasomwa mara moja na inabaki kwenye kumbukumbu. Sasa duka linafungua saa mbili asubuhi, programu inawashwa. Saa nne kambiste anatangaza taux mpya, na kijana anafungua taux.py, anaandika 2850, anasevu, anaenda. Programu inaendelea na 2800 mpaka jioni, sababu hakuna aliyeizima na kuiwasha tena. Kwa hiyo namba inayobadilika kila siku haipaswi kuandikwa ndani ya moduli kabisa. Moduli ibaki na kazi ya kwenda kuichukua, kwenye faili ndogo au kwenye hifadhi ya data kama SQLite, kila mara inapoulizwa. Wale wanaoiita hawataona tofauti: bado wanaandika taux.franka(15). Hapo ndipo unaona Parnas alitaka kusema nini.

Kuna ndugu yake mdogo. Mtu anaweza kuandika from taux import FRANKA_KWA_DOLA badala ya import taux. Ya kwanza ni kama kuandika taux kwenye kiganja cha mkono na kuondoka. Ya pili ni kurudi kusoma ubao wa kambiste kila mara. Ubao ukibadilishwa wakati programu inatembea, kiganja kitabaki na namba ya zamani.

Na faktire za jana? Mtu aliyenunua jana kwa 2 800 asione faktire yake imegeuka leo kuwa 2 850. Kila mauzo yaandikwe pamoja na taux ya saa ile yalipofanyika. Hili si jambo la moduli hasa, ila ni la mwenye duka kuuliza kabla ya kulipa.

Mtego wa tatu: moduli mbili zinazoitana. Stoki inaita faktire, faktire inaita stoki, na Python inakwama katikati kwa sababu moja haijamaliza kusomwa wakati nyingine inaihitaji. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba kuna kipande cha tatu kilichojificha, sema orodha ya vitu na bei zake, ambacho kinapaswa kutolewa na kuwekwa peke yake ili wote wawili wakiite.

Pale ambapo si duka tena

Watu wa hapa hawajasahau mlipuko wa kumi wa Ebola. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia upande wa Mangina, na ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3 470 waliugua, 2 287 walikufa. Kila mtu aliyegusana na mgonjwa alipaswa kufuatwa siku 21. Orodha zilikuwa ndefu, timu zilikuwa nyingi, na programu zilikuwa zaidi ya moja, kati yao Go.Data ya shirika la afya duniani OMS.

Fikiria programu ya namna hiyo ikiandikwa bila mpango. Jina la zoni ya afya Kalunguta linaandikwa na timu moja kwa K, na nyingine kwa C, na ya tatu inaweka nafasi katikati. Kwa kompyuta hizo ni zoni tatu. Mtu anahama kutoka Mabalako kwenda Katwa, na jina lake linakuwa la watu wawili, au la hakuna mtu. Moduli moja yenye orodha ya zoni na majina yake sahihi, ambayo skrini zote zinaiita, inaondoa shida hiyo. Ile namba 21 nayo iandikwe fasi moja, ikiwa na jina, ili mtu asome "siku za kufuata" na si 21 iliyotupwa katikati ya mistari mia tatu.

Mfano mkubwa wa moduli katika afya uko karibu na sisi. OpenMRS ni programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanzishwa mwaka 2004 na watu wa Regenstrief Institute na Partners In Health wa Marekani. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret nchini Kenya, na mwaka huohuo Rwinkwavu nchini Rwanda. Waanzilishi wake walijua kwamba hospitali ya Kenya na ya Rwanda hazifanani: fomu tofauti, ripoti tofauti, lugha tofauti. Kama kila hospitali ingekata na kubadilisha programu yote, baada ya miaka mitatu kungekuwa na programu kumi ambazo hakuna anayeweza kuzitengeneza pamoja. Kwa hiyo walijenga kiini kidogo kinachojua mambo ya msingi, yaani mgonjwa, ziara, kipimo na matokeo yake, na mengine yote wakayaacha yaje kama moduli zinazoongezwa juu. Msimamizi anaweza kupakia moduli mpya bila kuandika upya kiini. Kenya ilijenga KenyaEMR juu ya msingi huo, na Uganda, hapo tu ngambo ya Kasindi, iko na UgandaEMR.

Hapa Kongo, biro za zoni za afya zinajua DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo na yenye mizizi Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Ndiyo inayobeba ripoti za kila mwezi za wizara ya afya. Nayo imegawanywa: kiini kinatunza data, na sehemu za kuingiza namba, za ramani na za vibao vya matokeo zinakaa juu yake kama programu ndogo zinazojitegemea. Ile ya ramani inaweza kuboreshwa bila kugusa namba za chanjo.

Moduli za wengine, na intaneti yetu

Si lazima uandike kila kitu. Python inakuja na moduli zake nyingi ambazo hazihitaji intaneti hata mega moja: csv kwa orodha, datetime kwa tarehe, sqlite3 kwa hifadhi ya data, na decimal kwa hesabu za pesa. Hiyo decimal wengi wanaipita. Waijue, kwa sababu hesabu ya kawaida ya kompyuta yenye nukta haiko sahihi kabisa: ukijumlisha 0.1 na 0.2 Python inakupa 0.30000000000000004. Kwa senti moja si kitu, kwa mwaka mzima wa depo ni kitu.

Zingine zinatolewa bure kwenye intaneti na zinaletwa kwa amri pip. Kwa mtu anayenunua mega kidogo-kidogo, kupakua kitu kimoja mara tano kwenye kompyuta tano ni kutupa unite. Njia iko. Kwenye kompyuta moja yenye intaneti nzuri, andika:

    pip download openpyxl -d mizigo

Hii itajaza folda mizigo na openpyxl, ambayo inafungua faili za Excel, pamoja na et_xmlfile ambayo openpyxl inaitegemea. Beba folda kwenye kle, nenda kwenye kompyuta isiyo na intaneti, andika:

    pip install --no-index --find-links mizigo openpyxl

Kompyuta zote mbili ziwe na Python ya toleo moja na mfumo wa aina moja, Windows kwa Windows, bila hivyo moduli zingine zitakataa.

Ila kuchukua cha wengine kuna hatari. Mwezi wa Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye hifadhi ya JavaScript moduli yake ndogo iitwayo left-pad. Ilikuwa na mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi mbele ya neno. Maelfu ya programu duniani zilishindwa kujengwa, mpaka moduli hiyo iliporudishwa baada ya saa chache. Kuna pia wezi wanaoweka moduli zenye majina yanayofanana na zile zinazojulikana, herufi moja tu tofauti, wakingoja mtu akosee kuandika. Soma jina mara mbili kabla ya kubonyeza, na ile folda mizigo itunze. Siku kitu kikiondolewa huko nje, wewe bado uko nacho.

Neno kwa anayelipa

Mwenye duka au mkubwa wa shule, kabla ya kutoa salio la mwisho, mwombe kijana afungue folda ya programu mbele yako. Ukiona faili moja ndefu isiyoisha, uliza: taux ikibadilika, au kodi, unabadilisha fasi ngapi? Akijibu "moja" na akakuonyesha, muzuri. Akianza kuhesabu kwa vidole, salio libaki mfukoni kwanza.

Na uliza nani mwingine anaweza kuisoma. Katika eneo hili watu wanahama ghafla. Barabara ya Beni kwenda Butembo ni kilometa 54 hivi, na ziko wiki ambazo hakuna anayetaka kuipita. Aliyeandika programu anaweza kuwa amekimbilia Kampala au Bunia wakati sanduku lako linakataa kufunga. Programu iliyogawanywa kwa moduli zenye majina yanayoeleweka, kila moja na maelezo ya mistari miwili mitatu juu yake, mtu mwingine anaweza kuiingia na kutengeneza kipande kilichoharibika tu. Wawili wanaweza hata kuijenga pamoja, mmoja Beni anafanya stoki, mwingine Butembo anafanya faktire, ili mradi wamekubaliana mapema majina ya kuitana na nini kila kipande kinarudisha. Wengine wanabadilishana kazi hiyo kwa kle iliyotumwa na dereva wa gari.

Tusidanganyane lakini. Programu ya mistari 60 haihitaji moduli nane. Kuna wanafunzi ambao wakishajifunza neno hili wanakata kila kitu vipande, mpaka kusoma programu yao inakuwa kufungua faili 20 kutafuta hesabu moja. Anza na faili moja. Siku unajikuta unanakili mistari ileile mara ya pili, au unashuka na kupanda dakika tano kutafuta kitu, siku hiyo toa kipande cha kwanza. Kwa duka la hapa, karibu kila mara kitakuwa ni taux.